Mama Alisema, Mimi Nikaandika

4 Machi

Dada mpendwa,

Shikamoo. Nakuandikia nimekalia sanduku la spika, kwa sababu viti vyote vimeshapangwa kwa ajili ya jioni na Fundi ameapa kwamba atakayesogeza hata kimoja atamtambua. Fundi ni yule fundi mitambo wangu niliyekusimulia: nyaya mia moja, kikombe kimoja cha chai, na kununa kuanzia asubuhi. Simu nimeizima kama kawaida yangu nikiwa safarini. Wewe na mimi tulianza na barua tangu niko bweni, na sioni kwa nini tuache kitu ambacho hakijaharibika.

Jana tuliimba kwenye chumba cha kusomea cha maktaba. Watu sabini na kitu, rafu za vitabu pande zote, na juu ya kichwa changu bango la "Kimya Tafadhali" ambalo Fundi alikataa kuliondoa, eti linanifaa. Niliomba feni zizimwe. Naimba chini mno, dada. Feni zikizunguka, waliokaa nyuma husikia feni tu. Basi watu wanatoka jasho bila kunung'unika, mimi nakaza nyuzi za gitaa taratibu, na hakuna anayekohoa. Siwezi kukueleza ukimya ule ulivyo. Mtu ambaye nyumbani mlimwita Chiriku kwa kumcheka, kwa sababu alikuwa hasemi, leo watu wanapanda basi saa tatu nzima kuja kumsikiliza akiwa hasemi.

Mwisho wa onyesho nafanya kile ninachofanya siku zote. Natoa barua ya mwisho ya Mama, ile ya saba, naisoma yote, kisha naimba wimbo niliouchota humo. "Usiharakishe kurudi, mwanangu. Nimekuweka mahali ambapo huwezi kupotea." Hapo ndipo wanapolia. Mimi silii tena, ila mkono wangu wa kushoto huwa wa baridi.

Baadaye wanapanga foleni. Hawataki sahihi yangu, wanataka kunisimulia mama zao. Jana alikuja dereva wa lori, mtu mzima, kofia mkononi kama yuko ofisini kwa mkubwa. Akaniambia mama yake alizikwa bila kumwambia neno tamu hata moja, na kwamba hii ni mara yake ya nne kunifuata. "Naazima wa kwako," akasema. "Barua ile ikisomwa najifanya ni yangu." Nilimshika mkono.

Sasa jambo lenyewe. Nataka kaburi la Mama liwekwe jiwe la maana. Miaka kumi na minane ni saruji tupu, bila jina, bila tarehe, kama tulimzika mtu tusiyemjua. Mchonga mawe aliye mtaa wa pili kutoka dukani kwako nimeshazungumza naye. Anataka vitu vitatu: jina, tarehe ya kufariki, na maneno. Maneno ni hayo ya barua ya saba. Tarehe siijui, nakumbuka tu kwamba ilikuwa wiki ya mtihani wangu wa mwisho. Wewe ulikuwepo. Mpelekee kabla mwezi haujaisha, ili jiwe liwe tayari nitakapokuja kuimba ukumbi wa huko nyumbani mwishoni mwa Mei.

Na safari hii uje, dada. Miaka sita naimba, hujanisikia hata mara moja.

Mdogo wako,
Chiriku


16 Machi

Chiriku wangu,

Marahaba. Hapa dukani mambo ni yale yale. Printa kubwa inatafuna karatasi kama mbuzi, na ile ndogo imegoma kwa kumwonea wivu mwenzake. Asubuhi nimechapa barua nne za kuomba kazi. Tatu ni za mtu mmoja, na kila moja inasema kazi hiyo ndiyo aliyoiota tangu utoto. Jana alikuja bwana mmoja akataka nimwandikie mkewe barua ya kuomba radhi. Nikamuuliza, umemfanyia nini? Akasema, "Wewe andika tu, yeye anajua." Nikaandika. Alipoisoma akatoa leso. Unaona, si wewe peke yako unayeliza watu katika ukoo huu.

Kuhusu jiwe, mbona haraka? Mama hakuwa mtu wa mapambo. Ungemwambia habari za jiwe la kuchongwa angekuuliza kama hilo jiwe limekosa kazi nyingine. Na yale maneno ni ya ndani, yako na yeye. Kwa nini yakae nje kila mpita njia ayasome? Liandikwe jina tu, yatosha.

Tarehe nitaitafuta. Vyeti viko kwenye sanduku la bati, na ufunguo wa sanduku sijui niliutia wapi. Umri unakuja, mdogo wangu, usinicheke.

Kuja nitakuja, siku moja. Unajua Jumamosi ndiyo siku wanafunzi wanaleta kazi zao za mwisho, na kila mmoja anazitaka jana. Unakula vizuri? Nguo zako unamfulisha nani huko?

Dada yako


2 Aprili

Dada,

Shikamoo. Mchonga mawe ananiambia hujafika. Jiwe lenyewe ameshalisawazisha, limeegemea ukuta linakusubiri wewe.

Nilichoka kungoja nikampigia Shangazi kwa simu ya Fundi. Nikasema moyoni, yeye ndiye aliyekuja kukaa nasi Mama alipougua, hawezi kusahau. Nikamuuliza, Mama alifariki tarehe ngapi? Kwanza akaniuliza kwa nini nauliza. Kisha akasema, "Mwezi wa tano, mwanangu. Matope yalikuwa mpaka magotini, wachimbaji walihangaika." Nikamwambia, Shangazi, mtihani wangu ulikuwa mwezi wa nane, vumbi tupu. Akasema, "Muulize dada yako," simu ikakatika. Umri umemchanganya, au kuna kitu mnanificha?

Unasema maneno yale ni ya ndani. Acha nikueleze kwa nini nataka yakae nje. Mama alikuwa mkali, wewe unajua kuliko mimi. Vidole vyake vilipokwisha kupinda kwa ule ugonjwa wa viungo akawa hawezi kushika kalamu, yeye alisema na wewe ukaandika. Barua za miaka ile yote bado ninazo: "Vaa soksi. Usiazime sabuni ya mtu. Hesabu umeshuka, kwa nini?" Zinaanza na amri na kumalizika na amri, kama tangazo la hospitali. Kisha muhula ule wa mwisho zikaja saba zisizofanana na zile. Ananiuliza ninaota nini. Ananiambia kwamba nilipokuwa na miaka mitano alinisikia nikiimba peke yangu jikoni, akaacha kufagia asije akanikatiza. Nilidhani ugonjwa umemlainisha. Nilizisoma bwenini chini ya shuka mpaka karatasi zikachakaa kwenye mikunjo.

Dada, mimi sikuwa mwimbaji. Niliamua kuwa mwimbaji siku niliyosoma kwamba mama yangu aliwahi kuacha kufagia. Kila ninapopanda jukwaani ninaimbia ufagio ule uliosimama. Ndiyo maana nayataka maneno yake juu ya jiwe. Ndicho kitu pekee alichonipa.

Tarehe 12 naimba mji jirani na kwako, ukumbi wa chuo cha ualimu, saa kumi na mbili jioni. Ni basi moja tu. Njoo, uje na tarehe.

Chiriku


14 Aprili

Chiriku,

Nilikuja. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na nguzo, nimejifunika mtandio mpaka kwenye pua kama mtu anayedaiwa. Niliambiwa onyesho limejaa, lakini mlangoni walinionea huruma wakanipa benchi.

Sikujua, mdogo wangu. Nilidhani ni muziki kama muziki mwingine. Uliingia bila mtu kukutangaza, ukakaa, ukainamia gitaa kama unalisikiliza lenyewe limeamkaje. Wakazima feni. Ukaimba wimbo ule wa mtu anayehesabu madirisha ya basi, nikaona watu wazima wakiangalia viatu vyao. Hakuna aliyepiga makofi mpaka ulipoinua macho. Nimefanya kazi na watu miaka yote hii, wananijia na shida zao niziandike, lakini sijawahi kuona watu wakifunguka vile bila hata mmoja kufungua mdomo.

Kando yangu alikaa muuguzi, bado na viatu vya kazini. Akaniinamia akasema, "Mimi ni mara ya tatu. Subiri barua."

Kisha ukaitoa. Chiriku, ulipoanza kusoma, midomo yangu ilikwenda yenyewe. Nilikuwa nayatamka maneno kabla yako. Muuguzi akanitazama akasema, "Na wewe umeshaikariri?" Nikasema ndiyo. Nikatoka kabla taa hazijawashwa, nikakosa basi, nikakaa kituoni mpaka asubuhi.

Siwezi tena. Shangazi hajachanganyikiwa. Mama alifariki tarehe tisa mwezi wa tano, miezi mitatu kabla ya mtihani wako.

Shangazi alisema usiambiwe. Alisema mtoto ndiye tegemeo, akiambiwa ataanguka, mwaka utapotea, na marehemu mwenyewe asingetaka. Matroni wa bweni alijua. Majirani waliambiwa wafunge midomo. Likabaki swali la barua, maana usipopata barua wiki mbili ungeuliza. Mwandiko ulikuwa wangu tangu zamani. Shangazi akanitazama tu. Nikaketi mezani palepale nilipozoea kukaa, kiti cha Mama kitupu mbele yangu, nikaandika "Mwanangu" nikangoja aseme. Hakuna aliyesema. Nikaendelea.

Nilijaribu kuandika kama yeye. Soksi, sabuni, hesabu. Sikuweza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimetoka kumzika, kila nilichoandika kilitoka kwa upole. Barua saba ni zangu, zote. Yeye hakujua kitu unachoota na hakuwahi kukuuliza. Na aliyeacha kufagia jikoni ni mimi. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja.

Siku moja kabla hujarudi nyumbani, Shangazi na mimi tulibeba ndoo za udongo tukaumwaga juu ya kaburi ili lionekane jipya. Nyasi zilikuwa zimeshaota. Ulipoletwa ukapiga magoti ukaushika ule udongo, ukasema, "Bado ni laini." Nimekaa na neno hilo miaka kumi na minane.

Na nikueleze ubaya wangu wote, nisibakize. Juzi watu walipoanza kulia, kwa muda mfupi nilifurahi. Nilisema moyoni, ni maneno yangu hayo. Kisha nikakuona ulivyoikunja ile karatasi, kwa vidole viwili, kama kitu chenye roho, nikatamani ardhi inimeze.

Nisamehe. Sijui neno jingine.

Dada yako


11 Mei

Kwako dada yake Chiriku,

Shikamoo. Hunijui kwa sura. Mimi ndiye fundi mitambo ninayesafiri na mdogo wako. Anwani yako nimeikuta kwenye bahasha, na najua si adabu kumwandikia mtu bila ruhusa ya mwenyewe, lakini maji yamenifika shingoni.

Sijui ulimwandikia nini mwezi uliopita. Najua tu kwamba aliisoma barua yako ndani ya gari, tukiwa tumesimama kujaza mafuta, na tangu hapo akawa haongei. Kwa kawaida haongei, lakini hii ilikuwa nyingine. Maonyesho mawili aliimba bila kusoma barua ya mama yake, watu wakaniuliza mimi mlangoni kulikoni, nikasema amechoka.

Tarehe 8 tulikuwa kwenye ghala la zamani la karatasi. Watu mia na ishirini, wengi kuliko siku zote. Aliimba vizuri, tena vizuri mno. Mwishoni akaitoa ile barua, akaikunjua, akaitazama kwa muda mrefu hata nikadhani kipaza sauti kimekufa nikaanza kugusagusa vitufe. Kisha akasema, "Barua hii hakuisema mama yangu. Siku ilipoandikwa mama yangu alikuwa ameshazikwa, na mimi nilikuwa sijui."

Dada, watu walipiga makofi. Walidhani ni sehemu ya onyesho. Wengine walisimama kabisa. Nimefanya kazi hii miaka kumi na mbili na sijawahi kusikia makofi yakinichoma vile. Yeye alikaa pale akiyangoja yaishe. Yalipoisha akasema, "Ni kweli nawaambia," na hapo ndipo wakaelewa, ghala zima likawa kama limefungwa mfuniko. Akaweka gitaa sakafuni akatoka kwa mlango wa mizigo.

Yule dereva wa lori alikuwepo, anakuja kila tukipita karibu. Alivaa kofia yake akaondoka. Nilimfuata nje nikamwomba asimchukie. Akasema, "Simchukii. Ila nilikuwa na kitu, sasa sina." Alikaa ndani ya lori lake bila kuliwasha, nikamwacha.

Maonyesho yaliyobaki nimeyafuta, pamoja na lile la huko kwenu. Tumepanga vyumba viwili juu ya duka la vioo. Asubuhi namgongea na chai, anaipokea, jioni naikuta imejaa vilevile. Gitaa nimeliweka sandukuni mwenyewe. Mimi ni mtu wa nyaya, mambo ya ndani ya watu siyawezi. Kama wewe unayaweza, mwandikie, au uje. Usimwambie kwamba nimekuandikia.

Ni mimi,
Fundi


27 Mei

Dada,

Ninakuamkia kwa sababu ndivyo nilivyolelewa. Shikamoo.

Nimepata daftari langu la shule, lile la kumbukumbu. Tarehe tisa mwezi wa tano tulicheza mpira wa pete na bweni la pili. Nilifunga mara nne. Nimeandika kwa wino mwekundu, "Siku nzuri kuliko zote." Tarehe kumi tuliangalia filamu. Tarehe kumi na mbili nililalamika kwamba wali ulikuwa na mawe. Miezi mitatu nilicheka, nikagombana, nikasuka nywele, na mama yangu yuko chini. Mtoto wa jirani niliyesoma naye alijua. Matroni alijua, alinipa biskuti siku moja bila sababu nikadhani ananipenda. Wote walikuwa wananitazama, na mimi nikicheza.

Ulinipaka mafuta kwa mgongo wa chupa ukiwa na huzuni, najua. Najua ulikuwa na miaka kumi na tisa. Najua pia kwamba Shangazi ndiye aliyesema. Hayo yote nimejiambia, na bado nikifumba macho naona ndoo za udongo. Mlibeba ndoo ngapi? Usinijibu hilo.

Halafu kuna watu. Miaka sita nimewasomea wageni barua na kuwaambia, mnaona, hata mama mkali huwa na neno amelificha. Waliniamini. Kuna mwanamke alikwenda kwa mama yake baada ya onyesho, wakapatana kabla mama hajafa. Alinishukuru kwa machozi. Kuna mwingine alikwenda akafungiwa mlango. Wote niliwatuma mimi, kwa maneno yako.

Barua zako ni nzuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Nimezisoma tena nikijua ni wewe, nikaona kwamba mtu aliyeziandika alinipenda. Lakini mimi sikuwa nimekosa dada. Dada nilikuwa naye. Niliyemkosa ni mwingine, nawe ulisimama mahali pake ili nisione kwamba hayupo.

Sitaki radhi. Wewe unawaandikia wageni radhi kila siku, usinichapie na mimi. Nataka kitu kimoja tu. Kabla hajafa, aliniulizia? Usipambe. Kama hakuniulizia, andika "hakukuulizia", nitanyamaza. Ukiweka neno moja zuri nitajua ni lako.


5 Juni

Mdogo wangu,

Alikuulizia.

Ilikuwa siku tatu kabla. Alisema, "Mwiteni." Shangazi akamwambia kuna mtihani. Mama akasema tena, "Mwiteni." Hatukukuita. Lile basi la shuleni kwenu lilikuwa linapita kila asubuhi mbele ya nyumba. Ningeweza kulipanda nikaja kukuchukua. Sikulipanda. Hilo si la Shangazi, ni langu, na ndilo nililokuficha hata katika barua ya mwezi wa nne.

Tarehe tisa, saa nane mchana, macho yake yalikuwa hayaoni tena. Nilikuwa nimemshika mkono. Akauliza, "Amefika?"

Nikasema, "Amefika."

Akasema, "Yuko wapi?"

Nikasema, "Safari imemchosha. Amelala chumba cha pili."

Nilidhani ataniamuru nikuite. Unamjua Mama, mtu akikutwa kitandani jua limetoka alivutwa shuka. Akasema, "Msimwamshe."

Hakusema tena. Alikufa saa tisa na nusu.

Sikupamba. Neno hilo ni moja na ni la kwake. Sina karatasi ya kuonyesha, maana hili sikuandika popote. Shangazi alikuwepo. Muulize kabla hajaanza kusahau kweli.

Dada yako


30 Juni

Dada,

Shikamoo. Nilikwenda kwa Shangazi mwenyewe. Fundi alinipeleka, akabaki nje akijifanya anatengeneza taa ya gari ambayo haina ubaya wowote. Shangazi amepungua sana. Kitanda chake wamekihamishia sebuleni ili awe anaona watu wakipita. Alinitambua kwa sauti.

Sikumwambia ulichoniandikia. Nilikaa pembeni yake nikamuuliza tu, Mama alisema nini mwisho. Alifikiri kwa muda mrefu hata nikaogopa kwamba nimechelewa. Kisha akalisema neno lile lile, bila kuongeza wala kupunguza. Kwa hiyo nimekuamini. Nimeona nikuambie hilo kwanza.

Sijakusamehe. Nimejaribu, nikadhani nimeweza, kisha asubuhi naamka na hasira ileile. Sijui kama nitaimba tena mbele ya watu, na kama nitaimba sijui nitawasomea nini. Barua zako saba nimezifunga pamoja, sikuzichoma. Ukinikuta siku nyingine nimekaa nazo usiniulize.

Lakini Shangazi alisema pia kitu ambacho wewe hukuniandikia. Labda hukukiona, kwa kuwa ulikuwa umemwinamia Mama. Alisema Mama alipotamka vile, yeye aliinuka akaenda mpaka chumba cha pili, akatazama kitanda changu kilichotandikwa, akaurudisha mlango taratibu, kama mtu anayemfungia mtoto aliyelala, ili Mama asikie kwamba sisumbuliwi. Aliporudi akakukuta umeshashusha sauti. Naye akashusha yake. Mkaombana maji kwa kunong'ona, mkaulizana saa kwa kunong'ona, ninyi wawili, mpaka saa tisa na nusu, ili nisiamke.

Mdogo wako